Uyoga Nilioukata kwa Kisu

Kama umeanza kusoma haya kwa sababu mtu wako anatapika na jana alikula uyoga wa porini, acha kusoma. Mpeleke hospitali sasa hivi, na ukifika pale taja uyoga kabla hujataja jina lake. Masimulizi yangu yatakungoja. Nayaandika nikiwa nimepona, ini langu linafanya kazi na nywele zimeanza kurudi, na mpaka leo sijui kama hilo ni jambo la kufurahia.

Naitwa Rispa. Nauza mboga Munyaka, hapa Eldoret, na nimekaa mji huu miaka mingi kuliko ile niliyokaa kwetu Kakamega. Mtu wa kwetu ukimwambia hajui uyoga ni kama umemtukana mzazi wake. Tulikua tukiufuata kwenye vichuguu mvua zinapoanza, mimi na Mama, asubuhi kabla majirani hawajaamka, na mahali ulipoota palikuwa siri ya nyumba. Mama alikuwa na sheria moja ambayo hakuwahi kuipindisha: uyoga haukatwi. Unapiga magoti, unachimbua kwa kidole, unaufuata mguu wake chini kabisa mpaka usikie umeingia ndani ya kichuguu. Ukikuta mguu ni mfupi na chini umevaa kitu kama kifuko, unauacha palepale na kwenda kunawa mikono. Wanawake wa kijiji walimletea vikapu vyao avipitie kabla ya kupika, na alichokitupa hakuna aliyekiokota.

Mwezi wa Agosti Mama alikuja kwangu kufanyiwa upasuaji wa macho. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemziba macho yote mawili, akawa anaona mwanga wa mlango na vivuli vya watu tu. Alikuwa amepewa siku yake, Alhamisi, na alikuwa akiihesabu kama mtoto anayengoja Krismasi.

"Nikifunguliwa macho nitaanza na wewe," aliniambia. "Nione kama umezeeka."

"Utajuta, Mama. Afadhali uanze na Ayub."

Ayub ni mume wangu. Wiki ile hakuwepo, alikuwa amekwenda Bungoma kumzika mjomba wake, kwa hivyo nyumbani tulibaki wawili. Mvua ilikuwa ikinyesha kila alasiri, na Mama alikaa mlangoni akiisikiliza na kulalamika. "Mvua yote hii na hamna uyoga? Huku kwenu mvua inanyesha bure."

Ile Jumanne nilikwenda Moiben kuchukua kabichi, kwa mkulima ninayenunua kwake miaka yote, Mama Chebet. Nilikuwa nimekodi pikapu. Nyuma ya ua wake kuna misonobari iliyopandwa kwa mistari, na chini yake, juu ya majani makavu, nikauona. Mweupe, safi, mwingi. Moyo ulinipasuka kwa furaha, nakwambia kweli.

"Mama Chebet, hizi uyoga mnakula?"

"Sisi hapana. Hizo zilikuja na hii miti. Zamani hapa ilikuwa nyasi tu, hatukuwa tunaona hizo."

"Mtu wa Kakamega huwezi kumtisha na uyoga."

Alicheka. "Haya, wewe ndio unajua. Lakini hata ng'ombe yangu inazipita tu."

Dereva alikuwa ameshapakia na alikuwa anapiga honi. Ardhi ilikuwa matope, nami nilikuwa na sketi ya kwenda mjini. Sikupiga magoti. Nilichukua kisu changu cha kabichi nikainama, nikaukata mmoja baada ya mwingine juu kidogo ya udongo, kiondo kikajaa kabla honi ya tatu. Hata mmoja sikuung'oa.

Jioni nilimpa Mama karai mapajani auchambue, kwa sababu kazi hiyo aliipenda na haikuhitaji macho. Akawa anaurarua polepole. Kisha akasita kidogo, akashika mguu mmoja na kuupitishia kidole gumba.

"Rispa, hii uling'oa ama ulikata?"

"Niling'oa, Mama. Nikakata matope huko huko."

"Yote?"

"Yote."

Nilidanganya kwa sababu ndogo sana. Nina miaka arobaini na saba na sikutaka kukaripiwa na mama yangu. Nilijua nikisema ukweli angemwaga karai lote nje, na nilikuwa na njaa, na nilikuwa nimejivuna kwa Mama Chebet. Ndiyo hayo tu. Nimetafuta sababu kubwa zaidi kwa miezi mingi na sijaipata.

Niliupika kwa malai ya maziwa na munyu, ile chumvi ya majivu tunayotengeneza kwa maganda ya maharagwe. Nilitumbukiza na punje ya kitunguu saumu, kwa sababu watu husema uyoga mbaya hukigeuza rangi. Hakikugeuka. Nikaonja mimi kwanza, nikangoja kidogo, nikaona niko sawa. Nataka ujue kwamba ulikuwa mtamu. Kitunguu hakikunionya, ulimi haukunionya, wala tumbo halikuniambia kitu jioni ile yote. Mama alikula, akafuta sahani kwa ugali, akasema hajala uyoga hivyo tangu nilipoolewa.

Alfajiri tulianza kutapika, kwanza Mama, kisha mimi nikiwa nimemshika. Tukaharisha mpaka kukawa hakuna kitu ndani, ni maji tu. Kulipopambazuka jirani alitusaidia kufika zahanati ya mtaani. Tulitundikiwa dripu kwenye viti, tukiwa tumekaa bega kwa bega. Kliniko, yule tabibu wa zahanati, aliuliza tulikula nini. Nikasema ugali na mboga. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, amechoka sana, sidhani alisikia. Ningesema nilisahau, lakini sikusahau. Niliogopa angeuliza uyoga wa wapi, wa aina gani, uliochumwa vipi, na Mama yuko kando. Kwa hivyo alitutibu kama watu waliokula chakula kichafu, akaturuhusu kurudi nyumbani, na hakukosea kwa yale niliyomwambia.

Kuna kitu kuhusu uyoga huu ambacho sitakuelezea kwa lugha ya madaktari, kwa sababu siijui. Nitakwambia tu nilivyouona. Alhamisi tulipata nafuu. Tumbo lilitulia, tukanywa uji, Mama akaomba chai. Ndiyo ilikuwa siku yake ya macho, lakini hakuwa na nguvu za kusimama, nikapiga simu wakampangia wiki nyingine. "Si kitu," alisema. "Macho yamengoja miaka mitano, yatangoja siku saba." Tuliomba, tukamshukuru Mungu. Wakati tunashukuru, ini lilikuwa linakufa ndani yetu sote wawili.

Ijumaa asubuhi nilimfungulia Mama dirisha ili aone mwanga, nikayaona macho yake. Yalikuwa ya manjano. Nilikwenda kwenye kioo, na yangu pia. Mama aliniuliza mbona nimenyamaza, nikamwambia natafuta kitambaa. Ayub alirudi kutoka Bungoma saa nne, akatuangalia mara moja pale mlangoni, akaacha begi chini na kuita gari.

Katika hospitali kubwa ya mji tulikaa kwenye benchi pamoja na watu wengi. Mbele yetu palikuwa na televisheni isiyo na sauti, mtu anapika kitu, nami kila nikiitazama natapika kwenye ndoo. Mama alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, ameshika kona ya leso yangu asipotee. Tulipoingia, daktari alikuwa mwanamke mpole mwenye macho ya mtu ambaye hajalala. Alishika kucha zetu, akabonyeza matumbo.

"Kuna dawa ya kienyeji mmekunywa? Pombe? Uyoga?"

"Uyoga," nilisema mimi, kwa maana Ayub hakujua. "Jumanne."

"Wa dukani ama wa msituni?"

"Wa chini ya misonobari."

"Ulikuwa na kifuko chini kwa mguu?"

Nilimwangalia Mama. Alikuwa hatua moja kutoka nilipokaa.

"Sijui, Daktari. Nilikata kwa kisu. Sikung'oa hata moja."

Mama aligeuza uso kuelekea sauti yangu. Aliiachilia ile kona ya leso na kuweka mkono wake mapajani.

Walitulaza. Muuguzi mmoja, ambaye sikuwahi kujua jina lake, aliomba mgonjwa mwingine ahame ili vitanda vyetu viwe kando kwa kando. Kama kuna wema nilioupata mwezi ule, ni huo, na ule wa aliyekuwa akisafisha sakafu asubuhi, ambaye alikuwa anamchana Mama nywele kabla ya kupiga deki. Siku hazikuwa na majina tena. Kulikuwa na chupa ya dripu ya kwanza, ya pili, na ile ya manjano, kisha damu saa kumi na mbili asubuhi, kisha matokeo ya damu, ambayo daktari alikuwa anayasoma akiwa amesimama mbali kidogo na kitanda.

Mwili wangu ulinigeuka. Mkojo ulikuwa kama chai ya rangi. Ngozi iliniwasha mpaka nikajikwaruza damu, tumbo likavimba, fizi zikavuja nikipiga mswaki. Nilinuka kitu ambacho sikukijua. Ayub alikuwa ananiogesha kwa kitambaa, na mara moja nilimwona akigeuza uso kupumua, kisha akarudi kana kwamba alikuwa anatafuta sabuni. Lakini mimi nilikuwa naonja tu yale ambayo Mama alikuwa anayameza yote. Yeye alikuwa na miaka sabini na moja. Daktari alimwita Ayub nje ya wodi, na aliporudi sikumuuliza.

Jumapili mchana, saa ya wageni, kulikuwa na watu wa kanisa fulani wanaimba kwenye kitanda cha mwisho. Mama aliniita.

"Rispa. Ile siku nilishika mguu wa ule uyoga. Ulikuwa laini. Wa kichuguu ni mgumu, unajua. Vidole vyangu vilikataa."

"Mama."

"Ndio nikakuuliza. Ukasema uling'oa. Nikaamini mdomo wako, nikaacha vidole vyangu."

Nililia. Nilimwambia anisamehe, nilimwambia mara nyingi, mpaka wale wanaoimba wakageuka kutuangalia. Mama alingoja nimalize.

"Nasikia kiu," alisema. "Nipe maji."

Sikuweza kushuka kitandani. Mgonjwa wa upande wa pili ndiye aliyempa, kwa kijiko. Jioni ile akili yake ilianza kuondoka. Aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, akawa ananielekeza kwa sauti ya chini mahali uyoga umeota, nyuma ya shamba la nani, upite wapi usionekane. Alifurahi sana akinielekeza. Hakurudi tena kwenye maneno ya kusamehe, na mimi sikupata nafasi ya kumuuliza upya. Jumanne asubuhi, wiki moja kamili, walivuta pazia kati ya vitanda vyetu. Nilisikia magurudumu yakitoka.

Sikuruhusiwa kwenda kuzika. Nililala pale nikijua saa wanayomteremsha, nikiangalia dripu, nikihesabu matone. Ayub alirudi na matope ya kwetu kwenye viatu. Alikaa kwenye kiti muda mrefu akivisugua kwa karatasi.

"Zakayo alisema nini?" nikamuuliza. Zakayo ni kaka yangu, kifungua mimba wa Mama.

"Alisema kwa makaburi. Ati Mama alichagua uyoga mwenyewe, na vile haoni, akachanganya. Watu wote wakasema ni macho."

"Na wewe ulisema nini?"

"Ningesema nini, Rispa? Wewe uko hapa na dripu. Nilinyamaza."

Nami nikanyamaza. Niliambiwa nisijichoshe, na hiyo ikawa dawa nzuri ya kunyamazia. Wiki ya nne nilitoka hospitali nikiwa nimebaki mifupa, nikitembea kwa kushika kuta. Nywele zilitoka kwa mafungu nikijifuta kwa taulo. Harufu ya kitunguu kikikaangwa ilinifukuza jikoni. Kisha nguvu zilianza kurudi polepole, bila kuniuliza kama nazitaka. Kila baada ya wiki mbili nilikwenda kliniki kutolewa damu. Nilipoanza, mahindi yalikuwa mabichi shambani njia yote ya Chepkoilel. Nilipofika kliniki ya nne yalikuwa yamekauka na kusimamishwa kwa mafungu, na ya sita walikuwa wanachoma mabua. Kwenye benchi ya kliniki watu hukuambia magonjwa yao kabla hujauliza, na wakiniuliza langu nilisema ni ini tu.

Nyumbani Ayub hakuniacha, na sitasema alinichukia. Lakini nikipakua chakula alikuwa anauliza, kwa upole kabisa, "Hii ni nini?" Ni sukuma, Ayub. Ni maharagwe, Ayub. Anaangalia, anachukua kijiko. Amefanya hivyo kila siku, na sijui kama anajua anafanya.

Kanisani walitaka nitoe ushuhuda. Mungu amenitendea, wamefunga na kuniombea, lazima niseme. Nilisimama nikaimba ubeti mmoja nikakaa. Walidhani nimezidiwa na shukrani, wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimezidiwa, ndiyo, lakini sitakudanganya wewe kwamba ilikuwa shukrani. Kama wewe umepona kitu kilichomuua mwingine kwa sababu yako, huenda unanielewa. Huenda pia unangoja nikwambie kwamba uchungu huwa unapungua. Kwangu haujapungua.

Januari, upepo wa vumbi ukivuma, daktari yuleyule aliangalia karatasi zangu akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Ini yako iko sawa. Enda uishi sasa." Nilimshukuru. Nilikaa nje kwenye ngazi nikakosa mahali pa kwenda na maisha hayo.

Mvua za Aprili zilipoanza nilikwenda Kakamega. Nilikuwa na nia ya kuliona kaburi tu. Njiani kutoka barabarani nikakutana na wanawake wawili wa kijiji waliokuwa wakimletea Mama vikapu. Walinikumbatia, wakanishika mashavu, wakasema nimekonda. Kisha mmoja akasema, bila ubaya wowote, "Sisi siku hizi uyoga tumeacha. Miaka yote tulikuwa tunampelekea Mama Zakayo, kumbe haoni. Ni Mungu tu alituokoa." Mwenzake akatikisa kichwa. "Mzee wa watu. Pengine alianza kukosea kitambo na hatukujua."

Nilisimama pale mvua ikinipiga. Nilikuwa nimejiambia miezi yote kwamba ukweli hautamrudisha, na ni kweli. Sikuwa nimefikiria kwamba kila siku niliyonyamaza nilikuwa namnyang'anya Mama kitu kingine.

Zakayo alikuwa amekaa chini ya paa la jikoni anapukuchua maharagwe ya mbegu. Nilikaa mbele yake bila kunywa chai niliyopewa.

"Zakayo, Mama hakuchagua ule uyoga. Nilichuma mimi."

"Tunajua ulichuma wewe. Lakini yeye ndiye aliangalia."

"Alishika. Akajua. Akaniuliza kama niling'oa ama nilikata, nikamwambia niling'oa. Nilikuwa nimekata yote."

Mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza mara mbili."

"Na hospitali? Ulisema?"

"Siku ya kwanza sikusema. Nilisema siku ya tatu."

Hakupiga kelele. Zakayo akikasirika husikika mpaka barabarani, na mimi nilikuwa nimejitayarisha kwa hilo, hata nililitamani. Alimimina maharagwe yote kwenye gunia, akakunja mdomo wa gunia vizuri, akakaa tena.

"Kwa hivyo tulimzika na kosa lako," alisema.

Nikasema ndiyo.

"Kesho ni Jumapili. Utasimama kanisani mbele ya hao watu useme vile umeniambia. Mimi nitakuwa hapo, lakini usiniangalie."

Nilisimama. Nilishikilia benchi la mbele. Nilisema yote: kisu, honi, karai, swali la Mama, jibu langu, zahanati. Niliyasema kwa Kiswahili, kisha kwa lugha ya kwetu, ili wazee wasikose. Nilisema Mama alikuwa haoni na bado aliona kuliko mimi. Nilipomaliza hakuna aliyeitikia amina. Mchungaji aliangalia Biblia yake. Zakayo alikuwa mstari wa mbele na hakugeuka.

Kisha yule bibi mzee kuliko wote, ambaye alikuwa akichuma uyoga na Mama walipokuwa wasichana, alisimama kwa fimbo yake.

"Mimi nilisema!" alipaza sauti. "Nilisema hapa hapa mkanicheka. Mama Zakayo hawezi kukosea uyoga!"

Wanawake wakaanza kupiga makofi. Walisimama benchi kwa benchi wakimpigia mama yangu makofi, wengine wakilia, wengine wakipiga vigelegele, na hakuna aliyenitazama. Nami nikapiga pamoja nao.